Barua ya wazi kwa wakuu wa afya wa Lubumbashi: insulini isipimwe tena kwa kukisia

Lubumbashi, Haut-Katanga, mwezi wa tisa

Kwa Waheshimiwa wakuu wa afya wa jimbo, madaktari wakuu wa zoni za afya za mji, wakurugenzi wa hospitali za serikali, za makanisa na za watu binafsi, na wote wenye mamlaka juu ya farmasi na depo za dawa.

Kuhusu: madhara wanayoyapata wagonjwa wa sukari kutokana na dawa zao wenyewe

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima yote inayostahili vyeo vyenu na kazi mliyokabidhiwa. Sisi ni wauguzi, wafamasia na waelimishaji wanaohudumia wagonjwa wa sukari katika komine (sehemu za mji huu) za Katuba, Kenya, Kampemba na Ruashi. Mambo haya tuliyaleta kwanza kwa njia ya kawaida: kwa mdomo katika mikutano ya huduma, kisha kwa barua mbili. Barua zilipokelewa, zikapigwa muhuri, zikawekwa. Jibu halikuja. Sasa tunayasema mbele ya watu wote, kwa sababu kila familia ya mji huu ina mama, mjomba au mtoto anayeguswa.

Sukari iliyopanda huua polepole, kwa siku, kwa miezi, kwa miaka. Sukari iliyoshushwa kupita kiasi na dawa huua kwa saa chache, na mara nyingi mkono ulioishusha ni wa mtu mwenye nia njema: muuguzi wa zamu, muuza farmasi, mtoto anayemchoma mama yake sindano nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mwaka 2017 kampeni yake ya tatu ya usalama wa wagonjwa, ile ya kupunguza madhara ya dawa, insulini, dawa ya sindano inayoshusha sukari, ilikuwa tayari inajulikana kila mahali kuwa miongoni mwa dawa zinazohitaji ulinzi wa pekee. Kwetu inatolewa kama vidonge vya kichwa.

Tunayataja yanayotusumbua moja baada ya jingine.

1. Chupa inatolewa bila seringi yake

Hili tunaliweka la kwanza kwa kuwa linaua haraka, na ni jepesi kuliko yote kulirekebisha.

Insulini tunayoitumia ni ya yuniti 100 katika kila mililita, ile inayoandikwa U-100. Seringi yake ina kifuniko cha rangi ya chungwa, na mistari yake inahesabu yuniti moja kwa moja. Lakini dawa na vifaa vingi vya farmasi zetu vinatoka India, ambako insulini ya U-40 bado inatumika sana. Seringi ya U-40 ina kifuniko chekundu. Ukiziweka mbili hizo kwenye meza yenye mwanga hafifu, asiyefundishwa hataona tofauti.

Hesabu yake ni hii. Mgonjwa ameambiwa avute mpaka 20. Akivuta U-100 kwa seringi ya U-40, mstari wa 20 ni nusu mililita, na nusu mililita ya U-100 ni yuniti 50. Amejichoma mara mbili na nusu ya dozi yake. Kinyume chake, chupa ya U-40 ikikutana na seringi ya U-100, mstari wa 20 unampa yuniti 8 tu. Sukari yake itabaki juu wiki nzima huku kila mtu akimshutumu kwamba anakula vibaya.

Hali mbaya zaidi ni pale ambapo seringi ya insulini haipo kabisa na muuguzi anachukua ya mililita 2 au 5. Waheshimiwa, shikeni seringi ya mililita 2 mkononi, muiangalie. Kutoka mstari mdogo hadi mstari mdogo ni sehemu moja ya kumi ya mililita, yaani yuniti 10. Dozi ya yuniti 14 iko baina ya mstari wa kwanza na wa pili, haijafika hata katikati, na ule mpira mweusi wa kusukumia ni mnene kuliko tofauti yenyewe unayoitafuta. Kwenye seringi ya mililita 5, mstari mmoja kwa kawaida ni yuniti 20. Huko hakuna kupima tena, ni kukisia. Na mtu aliyechoka usiku, akivuta mpaka 1 pale palipotakiwa 0.1, ameingiza yuniti 100 mahali pa 10.

Kama dharura imelazimisha, ipo njia moja inayokubalika: seringi ya mililita 1 iliyogawanywa sehemu mia, ile ya kipimo cha kifua kikuu. Kwa U-100, kila sehemu yake ni yuniti moja, kwa hiyo 0.14 ni yuniti 14. Kanuni hiyo iandikwe ukutani kwa herufi kubwa, isiachwe kwenye kumbukumbu ya mtu mmoja ambaye siku hiyo huenda hayuko zamu.

Tuongeze la kabatini. Insulini ya haraka ni angavu kama maji. Ile ya NPH, inayofanya kazi polepole na kwa muda mrefu zaidi, ni nyeupe kama maji ya mchele, na ile ya 30/70, mchanganyiko wa hizo mbili, vilevile. Rangi za kimataifa za insulini ya binadamu zinasaidia: manjano kwa ya haraka, kijani kwa NPH, kahawia kwa 30/70. NPH haiingizwi kamwe kwenye mshipa. Heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, nayo hupimwa kwa yuniti, nayo hukaa kwenye chupa ndogo ya kioo. Kuweka viwili hivyo kwenye trei moja ni kuita msiba.

2. Ile herufi U

Daktari anaandika 10U kwa haraka. U ikifungwa kidogo juu inakuwa sifuri, na 10 inakuwa 100. Akiandika 4U, inasomeka 40. Hili limeonywa duniani kote kwa miaka mingi, na dawa yake ni wino kidogo: neno unités, yaani yuniti, liandikwe zima kwenye kila ordonansi (cheti cha dawa) na kila fishi (karatasi ya mgonjwa), na jina la aina ya insulini liandikwe zima pia. Tunapokea bado ordonansi zilizoandikwa "insuline 20 matin, 10 soir" bila aina. Ya haraka? NPH? 30/70? Yuniti 20 za aina moja si sawa na yuniti 20 za nyingine.

3. Sindano inatangulia, sahani inachelewa

Hospitali zetu kwa sehemu kubwa hazipiki. Chakula cha mgonjwa kinatoka nyumbani, na kila kitu kingine katika hoja hii kinatokana na hilo.

Zamu ya usiku inataka kumaliza kazi kabla ya kukabidhi, kwa hiyo insulini inachomwa saa moja asubuhi. Insulini ya haraka inaanza kazi baada ya nusu saa, na nguvu yake kubwa iko kati ya saa mbili na saa nne baada ya sindano, maana yake kati ya saa tatu na saa tano za asubuhi. Wakati huo dada wa mgonjwa bado yuko kituoni Ruashi anangoja basi, sufuria ya bukari, yaani ugali, imefungwa kwenye kitenge. Akifika saa nne na nusu anamkuta ndugu yake amelowa jasho, mikono inatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Mara nyingine anaambiwa kwamba mgonjwa ana hasira za ugonjwa. Mara nyingine mgonjwa haongei tena.

Ni hivyohivyo kwa mgonjwa aliyeambiwa asile kwa ajili ya kipimo cha damu au upasuaji, kisha insulini yake ikachomwa kama kila siku kwa kuwa hakuna aliyeandika kwenye fishi kwamba leo haruhusiwi kula. Na yule aliyetapika chakula chote dakika kumi baada ya sindano, naye yuko katika hatari hiyohiyo. NPH ya jioni ina hatari yake: kilele chake huangukia usiku wa manane, mgonjwa amelala, anayemlinda amelala, na mashine ya kupima iko kwenye droo iliyofungwa kwa ufunguo wa mkuu wa huduma.

Kanuni tunayoitaka ni fupi: insulini ya chakula haichomwi mpaka chakula kionekane kwa macho. Kwa insulini ya haraka, chakula kiwe kimefika kitandani, ichomwe, na baada ya nusu saa mgonjwa ale. Kama chakula hakijafika, muuguzi aandike "imengoja chakula" na asilaumiwe kwa kuchelewa. Tunajua kwamba kuchelewa kwa insulini ya chakula nako kunapandisha sukari. Lakini sukari ya 280 mg/dl (miligramu katika desilita moja ya damu) kwa saa mbili inarekebishika. Mtu aliyezimia kitandani bila kuonekana anaweza asirudi. Tahadhari moja hapa: mtoto au kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza asinyimwe kabisa insulini yake ya msingi eti kwa sababu hajala au ana homa. Huyo akikosa insulini, mwili wake unatengeneza asidi na anafika kwenye koma kwa njia ya upande wa pili. Dozi yake hupunguzwa au kurekebishwa kwa kupima, haifutwi.

Na kila chumba cha wagonjwa kiwe na sukari. Tunasema sukari hii ya chai. Mgonjwa akiwa chini ya 70 mg/dl na bado anaweza kumeza, apewe gramu 15: vijiko vitatu vya chai vilivyokorogwa katika nusu glasi ya maji. Subiri dakika 15, pima tena. Kama bado iko chini, rudia. Ikipanda, apewe kitu cha kukaa tumboni, mkate au bukari. Akiwa amezimia asimiminiwe chochote mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Huyo anahitaji glukozi kwenye mshipa, na ampule hizo ziwe ndani ya chumba, zisiwe za kununuliwa kwanza nje ya geti huku ubongo wa mtu unakosa chakula.

4. Glisemi inayoongea lugha tatu

Glisemi ni sukari iliyomo katika damu. Katika mji mmoja, mashine moja inaionyesha kwa mg/dl, nyingine mmol/l, na maabara inaandika g/l. Mtu yuleyule ni 120, ni 6.7, ni 1.2. Hatari iko kwenye nukta. Maabara ikiandika 1,2 na mkato ukafutika kwenye karatasi, anayepokea anasoma 12. Kama amezoea mmol/l, 12 kwake ni sawa na 216 mg/dl, na mgonjwa ambaye sukari yake ilikuwa nzuri kabisa anaongezewa insulini. Jimbo lichague kipimo kimoja. Tunapendekeza mg/dl, kwa sababu ndicho wagonjwa wengi wanachokijua na hakihitaji nukta.

Bandeleti nazo, vile vikaratasi vya kupimia, zina masharti yanayodharauliwa: kichupa chake kifungwe mara moja baada ya kutoa kimoja, zisihamishiwe kwenye mfuko wa plastiki, zisiuzwe mojamoja bila tarehe ya kuisha, zisiachwe juani. Vidole vioshwe kwa maji na kukaushwa. Sasa maembe yanakaribia msimu wake. Aliyemenya embe akapimwa bila kunawa anaweza kuonyesha sukari ambayo haimo kabisa katika damu yake, na mtu akamchoma insulini kwa ajili ya embe lililoko kidoleni. Jibu lolote lisilofanana na hali ya mgonjwa anayoonekana nayo lirudiwe, kwa kidole kingine kilichooshwa, kabla ya kugusa chupa.

5. Glibenklamidi kwa wazee, na dawa zinazoitia nguvu

Kidonge hiki cha kushusha sukari, cha miligramu 5, kimesaidia wengi na ni cha bei ndogo. Hatukikatai. Tunachokikataa ni kumpa kila mtu, wa umri wowote, bila kuuliza figo zake. Kinalilazimisha kongosho kutoa insulini mtu ale asile, na mabaki yake, ambayo nayo bado yanashusha sukari, yanatoka kwa njia ya figo. Figo zikichoka, yanakusanyika. Ndiyo maana orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imeweka gliklazidi, kidonge cha jamii hiyohiyo, na ikaandika kwamba glibenklamidi haifai kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Bado tunaona bibi wa miaka 72 anayekula mara moja kwa siku akiandikiwa vidonge viwili asubuhi na kimoja jioni.

Kosa la pili ni la chumba cha dharura. Mzee analetwa amezimia, anapewa glukozi ya 50% kwenye mshipa, anafungua macho, anataja jina la mjukuu wake, familia inamshukuru Mungu. Baada ya saa mbili anaruhusiwa kwenda nyumbani. Lakini kidonge bado kimo ndani yake. Usiku sukari inashuka tena, na safari hii kila mtu amelala. Aliyezimia kwa sababu ya glibenklamidi akae chini ya uangalizi angalau saa 24, apate serumu ya glukozi inayoendelea, apimwe kila baada ya saa chache, na kama figo zake ni mbovu muda huo uongezwe.

Kosa la tatu ndilo letu hasa, la nchi yenye malaria. Kwinini nayo inachochea kongosho kutoa insulini. Mgonjwa wa sukari anayetumia glibenklamidi, hali chakula kwa sababu ya homa, akitundikiwa kwinini, anavutwa chini na mikono mitatu kwa pamoja. Akichanganyikiwa au akipata degedege, wote tunasema malaria imepanda kichwani, na dawa ya malaria inaongezwa. Kumbe ni sukari. Tangu 2011 artesunati ya sindano ndiyo inayopendekezwa kwa malaria kali, kwa wakubwa na kwa watoto. Pale kwinini inapobaki kuwa ndiyo pekee iliyopo, glibenklamidi isimamishwe na sukari ipimwe kila saa nne, mchana na usiku.

Bactrim, antibiotiki ambayo watu wanainunua kwa kuhara na kwa kikohozi bila kuuliza mtu, inazuia ini kuivunja glibenklamidi na hivyo kuiongezea nguvu. Flukonazoli, dawa ya kuvu, ni hivyo pia. Wapo wagonjwa wanaotumia Bactrim kila siku kwa maagizo halali, na hao hasa wanahitaji mtu wa kuziangalia karatasi zao mbili kwa pamoja, kwa sababu mara nyingi huduma moja haijui nyingine imetoa nini. Na lutuku, pombe kali ya kienyeji, juu ya tumbo tupu inalifunga ini lisitoe akiba yake ya sukari. Mgonjwa aambiwe hivyo wazi, bila mahubiri, kwa sababu akiangushwa njiani na insulini watu watadhani amelewa tu.

6. Frigo, umeme na mwezi wa kumi

Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyofunguliwa inaweza kukaa nje, mahali pa baridi na kivuli, kwa wiki nne. Tarehe ya kufungua iandikwe juu yake kwa kalamu. Hili halifanyiki karibu popote. Umeme ukikatika siku mbili, depo inaendelea kuuza kana kwamba hakuna kilichotokea. Na wengine, kwa kuogopa joto, wanaisukuma insulini mpaka nyuma ya frigo ikagusane na barafu. Insulini iliyoganda imekufa hata kama ikiyeyuka inaonekana safi. Itupwe.

Hapa tunayo habari njema ambayo haijafika kwa wengi. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka walichapisha vipimo vyao: insulini iliyowekwa kwa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kama ndani ya nyumba katika kambi ya wakimbizi, ilibaki na nguvu yake. Kwa hiyo kumnyima mgonjwa wa Katuba chupa yake, au kumlazimisha atembee mara mbili kila siku hadi kituoni, eti kwa sababu hana frigo, hakuna msingi.

Chungu kinatosha. Vyungu viwili vya udongo, kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowana katikati, kitambaa chenye maji juu, kivulini penye upepo. Insulini iwe ndani ya mfuko wa plastiki ili karatasi ya jina isibanduke. Maji ya mchanga yanapokauka yanaondoka na joto. Sisi watu wa Lubumbashi tuna bahati moja: mwezi wa kumi, wakati wa joto kali, hewa bado ni kavu, na chungu hufanya kazi vizuri pale hasa kinapohitajika. Mvua zikianza kinapoa kidogo tu, lakini na joto nalo limepungua. NPH ikiwa na vipande visivyoyeyuka baada ya kuiviringisha polepole baina ya viganja, au ya haraka ikiwa na ukungu, isitumike.

7. Metformini na figo

Kwa ufupi: metformini, kidonge kingine cha sukari, ni dawa nzuri na ibaki ya kwanza. Lakini uchujaji wa figo ukishuka chini ya mililita 30 kwa dakika, isimame. Kati ya 30 na 45 isizidi gramu 1 kwa siku. Bila kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, hakuna anayejua. Kipimo hicho kifanyike angalau mara moja kwa mwaka. Na anayeharisha sana au kutapika, kipindupindu kikiwemo, aisimamishe mpaka anywe na kukojoa vizuri.

8. Yanayouzwa barabarani

Deksametazoni inauzwa kwa wasichana wanaotaka kunenepa. Inapandisha sukari, na akiiacha ghafla baada ya miezi mwili wake hautengenezi tena vya kutosha homoni yake ya asili ya aina hiyo. Kuna pia dawa za unga zinazouzwa kuwa ni mizizi mitupu ya kuponya sukari. Tunaheshimu mimea ya wazee wetu. Lakini mwaka 2008 huko Singapore dawa haramu za nguvu za kiume zilizofichwa ndani yake glibenklamidi ziliangusha watu zaidi ya mia moja, na wengine walikufa. Unga unaoshusha sukari siku ileile upelekwe maabara.

Waheshimiwa, tunajua majibu tutakayopewa.

Mtasema hakuna pesa. Neno unités halina bei. Kuhamisha saa ya sindano ili ikutane na sahani hakuna bei. Kilo ya sukari kwenye chumba cha wagonjwa ni ya bei ya soko. Panapohitajika pesa kweli ni kwenye seringi, bandeleti na kreatinini, na hata hapo mgonjwa mmoja aliyelazwa kwa koma ya sukari ya chini anakula serumu, siku na wauguzi wa gharama kubwa kuliko seringi za miezi.

Mtasema wauguzi wafundishwe. Tunakubali, na tuko tayari kufundisha. Lakini muuguzi aliyefundishwa vizuri, akiwa na seringi ya mililita 5 na fishi iliyoandikwa 10U, atakosea siku moja. Mafunzo hayaongezi mistari kwenye seringi.

Mtasema wagonjwa hawafuati masharti. Wapo. Wapo pia wanaofuata barabara kila walichoambiwa, na walichoambiwa ndicho chenye kosa.

Na mtasema makosa haya hayapo kwenye ripoti. Ni kweli hayapo. Anayeripoti anakatwa mshahara au anaitwa mbele ya familia ya marehemu kama mhalifu, kwa hiyo kwenye fishi panaandikwa "malaria kali" au "presha". Mpaka aliyekosea aweze kusema bila kuharibiwa maisha, mtaendelea kuongoza bila kuona.

Tunaomba yafuatayo, na tunaomba yaandikwe kwa waraka wenye saini.

Chupa ya insulini isitoke katika farmasi, depo au hospitali yoyote bila seringi za U-100 zinazolingana nayo, na seringi za U-40 ziondolewe kabisa mjini. Herufi U peke yake ipigwe marufuku. Kipimo cha glisemi kiwe mg/dl kila mahali. Insulini ya chakula ichomwe chakula kikiwa kimeonekana, na kila chumba cha wagonjwa kiwe na sukari, mashine isiyofungiwa, na ampule za glukozi. Gliklazidi iingizwe katika manunuzi ya jimbo, na mtu wa zaidi ya miaka 60 asianzishiwe glibenklamidi. Wanaoitumia tayari wabadilishwe taratibu, wakipimwa, wasiachishwe tu kwa siku moja. Sukari ipimwe kwa kila mgonjwa aliyechanganyikiwa au kuzimia, kabla ya kusema malaria. Depo ziwe na kipimajoto ndani ya frigo na daftari la kuandika nyuzi asubuhi na jioni. Na liwepo daftari la makosa ya dawa lisilo na jina la mkosaji, linalosomwa kila mwezi.

Tunaomba jibu la maandishi katika siku 30. Tunaomba pia kwamba yale yasiyo na gharama, yaani neno unités, sahani kabla ya sindano, na sukari chumbani, yawe yameanza kabla ya tarehe 14 Novemba, siku ya kisukari duniani, ili siku hiyo isipite tena kwa hotuba na fulana.

Mkituita, tutakuja saa yoyote mtakayosema. Tutaleta seringi za aina zote tulizozitaja na chupa ya maji, na tutawaomba kila mmoja wenu avute yuniti 14.

Kwa heshima,

Wauguzi, wafamasia na waelimishaji wa wagonjwa wa sukari,
Katuba, Kenya, Kampemba na Ruashi